Sungusungu Chumbani kwa Mama

Fundi cherehani alikuwa akipinda sketi ya sare mchana ule aliposikia mama yake akimwita kutoka chumbani kwa sauti ya chini mno.

"Njoo polepole, mwanangu. Angalia unapokanyaga."

Mama alikuwa na mwaka wa pili kitandani tangu kiharusi kimpooze upande mmoja. Chini ya mlango sungusungu walikuwa wakiingia, weusi tii, wamebanana safu nene, wakitoa mlio kama wa mafuta kikaangoni. Walielekea nyuma ya kitanda, kwenye fremu ya dirisha iliyoliwa na mchwa.

Kaka yake akatokea na kopo la dawa. "Kaa pembeni, niwamalize."

"Usipulize, kaka. Wamefuata mchwa. Ukiwavuruga watapanda kitandani."

"Na ukiwaacha?"

 Fundi aliwahi kuchomwa na mmoja tu, kidole kikavimba siku tatu. Hawa hawakuwa na idadi, na mama hakuweza hata kujipangusa.

Kaka akapuliza.

Safu ikavunjika. Kufumba na kufumbua sakafu nzima ilikuwa nyeusi, na kaka alikuwa ametupa kopo na kutoka mbio, akijipiga mapaja. Fundi akaruka hadi kitandani. Wa kwanza walishafika kwenye shuka. Akainama, akamvuta mama, akambeba mgongoni.

"Usikimbie," mama alimnong'oneza sikioni. "Ukianguka, tumekwisha."

Akatembea. Miguu mitupu, hatua saba hadi mlangoni, na kila hatua ilikuwa kama kukanyaga makaa. Aliuma meno. Alipomkalisha mama sebuleni, sungusungu mmoja tu alikuwa ameng'ang'ania ukosi wa gauni lake. Akamng'oa.

Baada ya saa nzima sungusungu wakajipanga upya wenyewe, wakatoka kwa njia ile ile waliyoingilia, kila mmoja na mchwa mdomoni. Wengine walibeba wenzao waliojeruhiwa.

Miguu ya fundi ilikuwa imeumuka kama maandazi. Kaka alirudi na beseni la maji baridi, akapiga magoti, akaanza kuikanda bila kumtazama usoni.

"Niliogopa," alisema hatimaye.

"Hata mimi."

"Lakini mimi nilikimbia."

 Fundi alimwachia mguu wa pili.

"Mkande vizuri," mama alisema, "halafu uje unikune mgongo. Kuna kitu kinatembea."

Wote wawili wakaruka. Mama akacheka hadi machozi yakamtoka.