Sauti ya Paka wa Mjane

…na paka mwenyewe ni dume, Ines aliwaza, dume la soko la samaki lenye sikio lililotafunwa, wakalipa jina la kike na kulilaza kwenye mapaja ya mjane wa filamu, na hakuna aliyeliambia lijaribu kwanza tuone, ila yeye, Ines Tamburrano, miaka kumi na tisa mbele ya maikrofoni hii hii, ndiye aliyeambiwa jana kwa simu njoo ujaribu, mama, ni mlio wa paka tu, dakika kumi umekwenda zako, naye akaja, tramu mbili, skafu ya hariri shingoni, kwa sababu moyoni alikuwa na lake, kwamba Bertacchi, msimamizi wa sauti, akiusikia mlio huo, akiusikia sawasawa, ataruka kwenye kiti chake pale nyuma ya kioo aseme kumbe sauti bado ipo, mrudishieni Ines mwanamke wake wa filamuni… mkanda ukazunguka tena, wameukata mwisho wa filamu wakaunga ncha zake kuwa pete, ndivyo wafanyavyo Roma nzima, picha inapita, inakwisha, inaanza yenyewe, na pale ukutani Mirta Solani, mwigizaji wa mjane huyo, akafa mara ya tisa asubuhi hii, kalala kitandani na rozari mkononi, paka akapanda, akanusa midomo yake, akafungua kinywa mara tatu bila sauti, maana katika mji huu hakuna anayesema filamuni kwa sauti yake mwenyewe, si bibi wala mnyama, sauti huja baadaye, chumbani humu msimo na dirisha, kutoka kwa watu ambao ukipishana nao sokoni hugeuki… ile midomo, Ines aliijua kuliko ya marehemu mumewe, wa chini unaotangulia wa juu, pumzi ndogo anayovuta kabla ya kudanganya, miaka kumi na tisa ameilisha midomo ile, kilio, mapenzi, laana, usiondoke nitakungoja, kwa kuwa Solani mwenyewe, hilo halisemwi lakini linajulikana, ana sauti ya dobi anayemwita mwenzake ng'ambo ya ua, na Italia nzima ikapenda sauti ya Ines ikidhani inapenda uso wa Solani, muuza nyama alikuwa akifumba macho Ines akiagiza, anamkatia mnofu badala ya mfupa, na Nunzio, Mungu amrehemu, tuseme kweli, Nunzio alioa koo, chakula cha mchana cha Jumapili alikuwa akigeuza kiti kikaangalia dirisha, akasema Mirta mpenzi nipe chumvi, naye anampa chumvi kwa sauti ya Mirta, wakacheka wote wawili, au tuseme alicheka Nunzio… halafu mwaka jana, kwenye neno moja, mwanangu, neno alilolisema mara elfu, sauti ikapata ufa, mwembamba kama ufa wa sahani, akalirudia, ufa uko pale pale, wakamleta Fiorenza, miaka ishirini na minne, sauti kama maziwa ya moto, na sasa mjane wa filamu hii anazungumza kwa koo la Fiorenza, anazungumza na paka tu, kwa kuwa wanawe wanataka kuuza nyumba yeye akiwa bado hai ndani yake naye kawanunia, anamwambia paka alichokula, anamwambia aliyempenda kabla ya baba yao, na paka anamjibu, mtu wa pekee anayejibu katika filamu nzima ndiye huyo paka, sasa mjane amekufa na neno la mwisho ni la nani, la paka, si la Fiorenza, na hapo ndipo Ines alipokuwa ametia tumaini lake lote, milio mitatu, akatia ndani yake filamu zote za zamani, akatia kituo cha treni, akatia barua iliyochanwa, akatia mwanangu…

"Mama Ines," Bertacchi akasema kwenye spika, "unalia."

"Si ndivyo ulivyotaka, daktari?" maana Roma mwanamume yeyote mwenye miwani na kiti chake ni daktari.

"Nilitaka paka. Huyu uliyenipa amefiwa. Paka hajafiwa, mama, paka ana njaa."

"Anamlilia Solani kuliko wale wana wenyewe," fundi wa sauti akachomekea, mdomo umejaa.

"Na wewe tafuna taratibu, makombo yako yanasikika mpaka huku," Ines akamwambia.

"Usinune," Bertacchi akasema. "Kwa paka mzee hakuna anayekufikia. Alhamisi nina mbuzi."

"Mbuzi?"

"Mbuzi na bata wawili, filamu ya watoto. Nimeshasema ni wako."

"Na yule mama mkwe, daktari, wa ile filamu ya Torino, uliniambia tutaona…"

"Yule kapewa Fiorenza. Anaweza kuizeesha sauti kidogo."

…anaweza kuizeesha, kidogo, kama mtu anayetia unga kwenye nywele, kwa hiyo hata uzee wamempa yule binti, hata ufa, atautengeneza, ufa safi, wa kupendeza, na ule wa kweli hautakiwi, na Ines akatafuta hasira aliyokuwa nayo sasa hivi asiione, mkanda ukazunguka, Solani akafa, paka akapanda, na mshonaji wa mavazi ya filamu hii alimwambia saluni, akicheka mpaka machozi, kwamba midomo ya Solani ilipakwa dagaa wa chumvi ili paka anuse, watu watalia kwenye majumba ya sinema wakisema tazama upendo wa mnyama, na mnyama ananusa dagaa, anakuta kinywa kimefungwa… na Nunzio hospitalini, siku yake ya mwisho, saa nne asubuhi, jua limejaa shukani, akasema mwambie Mirta aseme kitu, naye akasema, kwa sauti ya Mirta akasema niko hapa, na Nunzio akaenda na hiyo, kwa hiyo ni nani aliyekuwa pale, na Ines angesemaje kama angesema mwenyewe, akajaribu kuikumbuka sauti hiyo, ya kabla, ya nyumbani, ya kumwita mtu aje kula, hakuipata, alipita chumba kwa chumba ndani ya koo lake na kila mlango aliofungua alimkuta Solani, na Solani sasa yuko mikononi mwa Fiorenza… paka akafungua kinywa. Ines naye akafungua, bila kupanga, bila kumtaka yeyote aruke kwenye kiti, na kikatoka kitu kikavu, kifupi, kisichomwita mtu, mara tatu, na hata yeye hakuutambua mlio huo.

Nyuma ya kioo kutafuna kukakoma.

"Ndiyo," Bertacchi akasema polepole. "Ndiyo huo. Ulikuwa unarekodi?"

"Taa si ilikuwa imezimwa," fundi akasema. "Nilidhani anasafisha koo."

"Mama Ines, utaweza tena?"

…na ataweza, hilo ndilo lililomnyong'onyeza, aliusikia uko pale pale, haukupungua, angeutoa mara kumi, mara mia, mpaka jioni, maana hakukubaki tena kitu njiani cha kuuzuia, taa nyekundu ikawaka, mkanda ukazunguka, Solani akalala, akavuta ile pumzi ndogo ambayo Ines peke yake aliijua, akafa, na paka akaanza kupanda…