Tumuulize Babu wa Ardhi

Kila mwaka, vitunguu saumu vikishavunwa na kutundikwa vikauke, kijiji chetu humtoa Babu wa Ardhi matembezini. Babu ni mungu wetu mdogo, sanamu ya kuchongwa. Ana ndevu nyeupe na mashavu ya mtu aliyeshiba, na ukimpakata hazidi uzito wa mtoto mchanga. Mwaka mzima hukaa katika hekalu lake pembeni mwa mashamba, akisikiliza habari za mbolea, mvua na pampu zilizoibwa. Kwa hiyo anastahili kupumua kidogo. Tunamfunga mkanda kwenye kiti cha mbele cha basi, tunampeleka kuwasalimia miungu wenzake.

Mwenyekiti wa hekalu ni baba mkwe wangu, Tsai Chin-tu, fundi wa pampu. Ni mtu mwema, lakini kwa safari ni dikteta. Tangu niolewe katika nyumba ile sikuwahi kuona safari yake yenye kitu kingine ila mahekalu. Unashuka, ngoma, fataki, ubani, choo, unapanda. Ukilala kidogo unaamshwa: ngoma, fataki, ubani, choo.

"Mimi Taiwan nzima naijua kwa vyoo vyake," mama mkwe hupenda kusema. "Niulize mji wowote, nitakwambia choo kiko upande gani."

Jina lake Hsiu-o. Mwaka huo ilipotangazwa kwamba tunavuka maji kwenda visiwa vya Penghu, alinishika mkono kule jikoni, mikono yake yote ikinuka kitunguu saumu.

"Li-chun, mwanangu, nimeona kwenye televisheni. Kuna mahali huko panaitwa Kuibishan. Maji yakipwa, bahari inajigawa, njia inatokea katikati, watu wanatembea mpaka kisiwa cha pili. Kwa miguu! Mimi nataka kwenda pale."

"Mwambie baba."

"Nimemwambia. Ameniuliza kama kuna hekalu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia jambo ambalo sikuwa nalijua: kwamba alizaliwa mahali ambapo upepo ukigeuka unaisikia harufu ya bahari, na hajawahi hata siku moja kukanyaga maji yake. Alipokuwa mdogo mama yake alimkataza, maji yana mizimu inayovuta miguu ya watoto. Alipokua alikuwa na shamba. Alipoolewa alikuwa na shamba kubwa zaidi.

Kikao cha safari kilifanyika uani kwa hekalu. Baba mkwe akasimama, akasoma ratiba yake. Ilikuwa mahekalu kutoka asubuhi hadi jioni, na katikati, chakula cha mchana kwa rafiki yake, mwenyekiti wa hekalu moja huko Penghu, ambaye tayari ameahidi kutupokea kwa ngoma.

"Na Kuibishan?" mama mkwe akauliza kutoka nyuma, walikokaa wanawake.

"Kuibishan maji yanapwa mchana. Mchana tuko kwa rafiki yangu."

"Rafiki yako hahamii kokote. Maji yanahama."

Wanawake wakaguna kwa kukubali. Mmoja akasema yeye anataka kuona kijiji cha nyumba za matumbawe. Mwingine akataka samaki wa kwenye vioo. Kuo Tien-ting, kapera mzee ambaye kazi yake safarini ni kumbeba Babu kifuani, akasema yeye baharini ni nyumbani, alikuwa mwanamaji jeshini, wampeleke popote. Kelele zikapanda mpaka kuku wa jirani wakakimbia.

Baba mkwe akapiga meza. "Hii si safari ya shule! Hii ni safari ya Babu!"

"Haya," mama mkwe akasema kwa sauti tamu kama miwa. "Kama ni safari ya Babu, tumuulize Babu."

Mwenyekiti gani wa hekalu atasimama mbele ya watu aseme mungu asiulizwe? Baba mkwe akakohoa, akasema sawa, lakini tutamuuliza huko huko, kwa sababu Babu hawezi kuchagua mahali asipopaona. Nadhani alitumaini tutasahau.

Tulipanda meli bandari ya Budai asubuhi, na bahari siku hiyo ilikuwa na lake rohoni. Hatujafika mbali, mwanamaji wetu Tien-ting akawa rangi ya kabichi.

"Vipi, nahodha?" mama mkwe akamuuliza.

"Meli hizi za siku hizi..." akasema Tien-ting, kisha akakumbatia mfuko wa kutapikia kama mtu aliyempata ndugu yake aliyepotea.

Ilibidi mtu ambebe Babu. Wazee walikuwa wamefumba macho wanasali, kwa hiyo nikavishwa mimi, Babu ndani ya mfuko wake wa hariri nyekundu akining'inia shingoni mwangu, kichwa chake kikinigonga kidevu kila wimbi likija.

Magong, mji wa bandari huko Penghu, tulipokewa na dereva wa basi, mwanamke wa kisiwani aitwaye Bi Yen, aliyejifunga kitambaa cha maua uso mzima kwa ajili ya upepo, macho tu nje. Alitazama ratiba ya baba mkwe, akaigeuza, akatazama nyuma yake kama kuna kitu kingine.

"Mzee, haya ni mahekalu matupu."

"Ndiyo."

"Kwenu hayapo?"

Hata hivyo kwa adabu ilikuwa lazima tuanze na hekalu la Mazu, mama wa baharini, maana huwezi kuingia nyumbani kwa mtu ukapita mlango wake. Tukampandisha Babu juu ya meza mbele yake, tukachoma ubani. Na hapo mama mkwe hakusahau. Alikwenda akachukua vile vibao viwili vyekundu vyenye umbo la mwezi mchanga, akampa mumewe kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Uliza, Mwenyekiti."

Hata mtoto wetu anajua kuvisoma vibao. Kila kimoja kina upande bapa na upande wa mgongo. Ukivirusha kikaangukia kimoja bapa na kingine mgongo, mungu amekubali, na jambo kubwa hutaka akubali mara tatu mfululizo. Vikionyesha migongo yote miwili, amekataa. Vikionyesha bapa zote mbili, anakucheka, swali lako halijakaa vizuri.

Baba mkwe akapiga magoti. Akataja jina lake, kijiji chetu, siku na saa, akauliza: je, Babu anapenda ratiba hii ya mahekalu? Akarusha.

Migongo miwili.

"Sikutamka vizuri," akasema. Akauliza tena, polepole, kama anayezungumza na kiziwi. Migongo miwili. Akauliza kama basi tupunguze, twende nusu yake. Vibao vikaruka, vikazunguka kwenye sakafu ya mawe, vikalala bapa zote mbili juu.

"Anacheka," wanawake wakanong'ona, na wenyewe wakaanza kucheka, mikono midomoni.

Masikio ya baba mkwe yakawa mekundu. Akamkabidhi mkewe vibao. "Haya, wewe unayejua."

Mama mkwe akapiga magoti. Akamweleza Babu habari za Kuibishan, njia ya mawe, maji yanayojitenga, akamwomba radhi kwa kumsumbua, akauliza kama angependa kwenda kuiona. Akarusha.

Migongo miwili.

Akarusha mara ya pili. Migongo miwili. Hakurusha mara ya tatu. Aliviokota vibao, akavifuta vumbi kwa mkono wa blauzi yake, akasema, "Basi. Babu ni wa nchi kavu, maji ya nini." Akasimama, akajitengenezea nywele. Na baba mkwe, ambaye nilidhani ataruka kwa ushindi, alisimama tu akimtazama, kama mtu aliyefungua pampu akakuta ndani kitu ambacho hakukitegemea.

Nje Bi Yen alipiga honi. "Jamani, maji hayangoji mtu!"

Sijui nilipata wapi ujasiri. Labda kwa kuwa nilikuwa nimembeba Babu njia nzima, nikasikia kichwa chake kikinigonga kidevu, nikamwona kama mzee yeyote aliyetoka kwenye meli. Nikamwambia mama mkwe, "Mama, huenda tunamuuliza kitu kisicho chake. Tunamuuliza anataka kwenda wapi. Hatujamuuliza kama anataka kwenda."

"Maana yake nini?"

"Nipe vibao."

Nikapiga magoti. Nikasema, "Babu, mimi ni Li-chun, mke wa Wen-hsiang, mkwe wa Mwenyekiti. Umechoka? Ungependa ubaki hapa kwa Mama Mazu, upumzike, upige soga, sisi watoto wako tukatembee?"

Nikarusha. Bapa na mgongo.

Watu wakasogea. Nikarusha tena. Bapa na mgongo. Mara ya tatu kimoja kilisimama kwa ukingo wake, kikayumba, kikayumba, kikalala. Bapa na mgongo!

Hekalu zima likalipuka. Hata mzee mtunza hekalu, aliyekuwa akifagia majivu ya ubani, alitupa ufagio akapiga makofi. "Mwacheni, mwacheni! Mama huku anapenda wageni!"

Baba mkwe bado alikuwa na turufu moja. Babu hawezi kuachwa peke yake ugenini, lazima mtu abaki naye, na kwa cheo chake yeye Mwenyekiti ndiye...

"Mimi nitabaki," ikasema sauti dhaifu kutoka kwenye benchi la ukutani. Ilikuwa ya Tien-ting, ambaye bado dunia ilikuwa inamzunguka. "Kitu chochote chenye magurudumu msinipandishe leo. Nendeni. Nitabaki na Babu."

Ikabaki simu ya rafiki. Baba mkwe alitoka nje kuipiga, akatembea huku na huku kwenye ngazi, mkono mmoja nyuma. Tulimsikia akisema samahani mara nyingi, kisha akasikiliza, kisha akarudi akiwa ameshangaa.

"Amesema kesho ndiyo bora," akasema. "Wapiga ngoma wake wameenda kuvua tangu alfajiri, hawajarudi. Alikuwa anaona haya kunipigia."

"Pandeni basi!" Bi Yen akapiga kelele.

Tulifika Kuibishan maji yakiwa chini kabisa. Ilikuwa kama mama mkwe alivyoona kwenye televisheni, isipokuwa televisheni haina upepo. Njia ya mawe meusi yenye kuteleza ilijipinda baharini kama mkia wa mjusi, maji huku, maji huku, na watu wakienda na kurudi wakiwa wameinua viatu. Mama mkwe alivua vyake mapema sana, juu kabisa ya ngazi, ikabidi atembee kwenye kokoto akisema ai, ai.

Alipofika chini alisimama. Mbele yake palikuwa na kidimbwi tu, kisichofika hata vifundo vya miguu.

"Mama, ingia."

"Ninaingia. Usinisukume."

"Sijakusukuma."

Baba mkwe alikuwa nyuma yetu, suruali ameikunja mpaka magotini, miguu yake myeupe kama figili. Alimpita mkewe, akaingia kidimbwini kwanza, akageuka, akamnyooshea mkono.

"Hakuna kitu humu," akasema. "Nimekagua."

Mama mkwe akaucheka mkono ule, kisha akaushika.

Wakaenda hivyo hadi kisiwa cha pili, yeye akisimama kila jiwe kutazama konokono na baba mkwe akimwambia yatosha, konokono ni konokono. Kisha baba mkwe mwenyewe akaona kaa chini ya jiwe, akainama kumshika, kaa akamshika yeye. Mlio alioutoa sijawahi kuusikia, na nimeishi naye nyumba moja. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa kitako majini kwa nguo zake zote.

Wengine tulikwisha kurudi ufukweni maji yalipoanza kujaa. Mlinzi alikuwa akipuliza filimbi, na njia ile ilikuwa inameguka pande zote mbili, na wao wawili bado wako katikati, wanabishana. Kwa ishara za mikono ilionekana mmoja anataka kukimbia na mwingine anaona ni hatari kukimbia.

"Baba! Kimbia!"

"Mamako ana miguu ya bata!"

"Nani bata? Nani aliumwa na kaa?"

Walifika maji yakiwa magotini, wamelowa, wanahema, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa furaha kubwa. Bi Yen alitandika magazeti kwenye viti vya basi, akatukemea wote, kisha akatupeleka kula supu ya mchele na ngisi kwa dada yake.

Kesho yake asubuhi tulikwenda kwa yule rafiki, na Babu tukamchukua, amevishwa ua jipya na Mama Mazu. Palikuwa na ngoma, fataki, ubani. Hakuna mwanamke aliyelalamika. Rafiki wa baba mkwe alisimama mlangoni akipeana mikono na wazee, mmoja baada ya mwingine, kama ilivyo desturi, na mama mkwe, kama ilivyo desturi, alikuwa ameshaanza kujisogeza pembeni.

Baba mkwe akamvuta mkono wa blauzi.

"Huyu ni mke wangu," akamwambia rafiki yake. "Hamjawahi kuonana. Jana tulitembea baharini."

Mama mkwe akampiga kwa kofia yake ya shambani, mbele ya ngoma na watu wote, akaona haya, akampiga tena.