Ua la Sahani

Lokaale alishuka kutoka kwenye lori la wajenzi wa barabara akiwa amekumbatia mkebe wa mafuta ya kupikia, kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Ilikuwa Machi mwaka wa 1981, na alikuwa ametoka Timau, ambako yeye na wenzake walikuwa wakitengeneza barabara kwa wiki tatu. Nakaale, mkewe, alichungulia ndani ya mkebe. Aliona udongo mweusi, kijiti chembamba na majani matano.

"Umetoka Timau na kijiti?"

"Ngoja kwanza!" Lokaale alikuwa akicheka. "Kuna mama mmoja mzungu, mzee sana, tulikuwa tunachimba mtaro mbele ya lango lake. Ukuta wake wote umefunikwa na maua ya hiki kitu. Ua moja ni hivi!" Alifungua viganja vyake viwili na kuviweka pamoja. "Rangi ya zambarau. Nilisimama hapo kama mjinga mpaka akaniita ndani akanipa."

"Linaitwaje?"

"Klema... klemati... Alinitajia, limenitoka. Lakini masharti nimeshika. Lizikwe chini sana, hata shina lenyewe liingie udongoni. Miguu ikae kivulini, kichwa kikae juani. Na kulikuwa na jambo lingine." Alikuna kichwa. "Litanijia tu."

Nakaale, ambaye majirani walimwita Mama Akal, alikuwa dobi wa hospitali, mwanamke aliyeshinda siku nzima kati ya shuka nyeupe na mvuke. Hakuwahi kumwambia mtu, lakini alitamani sana kuwa na kitu cha rangi pale kwake mtaani Chechelesi, kitu ambacho hakiliwi wala hakiuzwi. Siku ileile alichimba shimo kando ya ua wa miti uliomtenganisha na jirani yake, mahali ambapo jua la asubuhi lilifika bila kizuizi. Alichimba mpaka mkono ukazama hadi kwenye kiwiko. Samadi aliomba kwa jirani huyohuyo, Ebla, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Shuriye na ambaye mbuzi wake kumi na wawili walikuwa na njaa ya kila kitu duniani. Akaliweka ua, akafukia, akapanga mawe bapa juu ya udongo ili mizizi isiungue, halafu akazungushia matawi ya miiba.

Lokaale alisimika nguzo nene ya mgunga kando yake. Ua lilikataa. Lilitambaa chini, likazunguka nguzo mara moja, likaanguka. Nakaale alikaa kitako akaliangalia vizuri, na ndipo alipoona kikonyo cha jani moja kimejiviringisha kwenye uzi uliochomoka gunia. Kumbe lilishika kwa vikonyo vya majani, na vikonyo vile havikuweza kukumbatia kitu kinene! Alifumua gunia zima, akafunga nyuzi kutoka chini hadi juu. Wiki moja tu, ua likawa limefika begani kwake. Wiki ya pili akawa analitazama kwa kuinua kidevu.

Tangu hapo alitoka kazini mbio. Hakuvua hata viatu kabla ya kupita pale. Mwezi wa Juni vikatokea vitumba, kimoja, viwili, na siku moja akahesabu tisa, vimechongoka na kunenepa. Alipiga kigelegele peke yake.

"Bado?" Ebla alimwuliza kutoka upande wa pili.

"Wiki hii, Mama Shuriye! Wiki hii hii!"

Jumamosi asubuhi alitoka nje na kukuta ua zima limenyong'onyea, limening'inia kwenye nyuzi kama mchicha uliochemshwa. Vitumba vyote tisa vilikuwa vimeinama. Shina lilikuwa limegeuka jeusi.

Jambo moja likamjia kichwani papo hapo. Jana yake alfajiri alikuwa amemwona Ebla ameinama juu ya ua wa miti, birika mkononi, akimwaga kitu.

Hakungoja kufikiri. Alienda akasimama mlangoni pa jirani yake. "Ulimwaga nini kwa ua langu? Maji ya moto? Chumvi?"

Ebla alijishika kifua. "Mimi, Mama Akal? Mimi?" Kisha akafunga mlango polepole, na hilo lilimuuma Nakaale kuliko kama angeubamiza.

Siku nane hawakusalimiana. Siku ya tisa Lokaale alirudi kutoka safari ya Marsabit, akasikia habari yote akiwa bado na vumbi kwenye nyusi, kisha akajipiga paji la uso.

"Lo! Ndilo lile jambo! Yule mama alisema hili ua linaweza kuzimia ghafla, kwa usiku mmoja tu, bila mtu kuligusa. Ni ugonjwa wake. Ukiona hivyo, likate mpaka chini, uendelee kumwagilia, litachipua tena. Ndiyo sababu linazikwa shina."

"Lokaale! Na ulinyamaza miezi mitatu?"

"Lilinitoka, mke wangu."

Nakaale alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Alichukua kisu akakata kila kitu mpaka usawa wa mawe, kisha akanawa mikono na kwenda nyumba ya pili.

"Salaam aleikum," Ebla alisema kabla hajasalimiwa, uso mkavu.

"Aleikum salaam. Mama Shuriye, nimekukosea. Ua lilikuwa gonjwa. Nimekuja kuomba msamaha, na ukinifukuza nitarudi kesho."

Ebla akavuta kigoda. "Yale yalikuwa maji yaliyobaki ya kutawadha. Maji safi. Niliona siku hizi jua limekuwa kali na wewe hurudi mpaka jioni, nikawa namwagia mawe yapoe. Ningeuaje kitu ninachokingojea mimi mwenyewe?"

Nakaale akamshika mikono miwili, na hawakuachana mpaka chai ikawa tayari.

Sasa walimwagilia wawili, mmoja alfajiri, mwingine jioni. Siku ya ishirini na moja jiwe moja liliinuka kidogo. Chini yake kulikuwa na vichipukizi viwili, vinene, vyekundu. Ebla alipiga kelele mpaka mbuzi wakatawanyika. Vikapanda nyuzi kama vinafukuzwa, na safari hii vitumba vilikuwa kumi na saba.

Kitumba cha kwanza kilifunguka Jumatatu moja ya Novemba. "Mama Akal! Toka! Toka nje!" Ebla aliita. Nakaale alitoka na mikono imejaa unga. Ua lilikuwa limetandazika juani, petali nane za zambarau iliyokolea, katikati vinyuzi vyeupe. Ebla alikimbia ndani akaleta sahani ya chai, akaiweka mbele ya ua. Ua lilizidi!

"Ni kubwa kuliko sahani! Ona, ni kubwa kuliko sahani!"

Watu wakaanza kuingia uani, muuza miraa na furushi lake lililofungwa kwa majani ya migomba, wauguzi waliokuwa njiani kwenda zamu, mzee mmoja aliyegoma kuamini mpaka alipolinusa. Wote wakaliita ua la sahani. Nakaale alichelewa kazini kwa mara ya kwanza katika miaka sita na hakujali hata kidogo.

Kabla ya kuondoka alivuta tawi moja refu, akalipitisha chini ya ua wa miti mpaka upande wa Ebla, akaliinamisha ardhini na kulifukia sehemu ya katikati, jiwe juu yake.

"Likitoa mizizi tutalikata, nawe utakuwa na lako," alisema, akifuta udongo kwenye kanga. "Na wewe uweke miiba mingi. Hao mbuzi wako nawajua."

"Nitawafunga," alisema Ebla, ambaye tayari alikuwa ameshika gunia, akilifumua nyuzi. "Wallahi nitawafunga leo."