Mahari ya Mabati

Massoud aliahidi kitu kisicho chake, tena akamwahidi mama mkwe. Sasa hebu niambie, mwanamume mwenye akili zake timamu anajitiaje kwenye balaa kama hilo?

Mambo yalianzia kwenye ndoa yake. Shekhe alipokwenda kumwuliza bi harusi anataka mahari gani, Suhaila hakutaja dhahabu wala kitanda. Alitaja hisa za Mabati Pwani, kampuni inayotengeneza mabati ya kuezekea. Lo! Mama yake, Bi Turkiya, nusura azirai. Binti yake, wa ukoo wa watu, aolewe kwa vitu visivyoshikika, vimo ndani ya simu! Shekhe yeye aliuliza tu kama kampuni inauza haramu. Akaambiwa inauza mabati, akafungisha ndoa.

Na Suhaila hakubahatisha. Alikuwa keshia wa duka la vifaa vya ujenzi pale Usagara, na kutwa aliwaona watu wakija, mpaka wa kutoka mbali, Ushongo ufukweni, kununua mabati mapya kwa kuwa chumvi ya bahari imeshayala ya zamani. Kampuni haikuwa na madeni, gawio, lile fungu la faida kwa wenye hisa, ilitoa kila mwaka hata biashara ikiwa mbaya, na hisa zake zilikuwa za bei ya kutupa kwa sababu wenye pesa walikuwa wanakimbilia vitu vipya vyenye kelele. "Bahari itaacha lini kula mabati?" alimwuliza mchumba wake. Massoud, fundi wa mafriji, akakusanya akiba yake. Akanunua.

Basi tangu hapo bei ikawa inashuka tu. Massoud kila asubuhi, hata chai hajanywa, anafungua simu kutazama, kisha roho inamwuma mpaka jioni. Alijiona kama mtu aliyempa mkewe mahari yaliyooza.

Wiki tatu kabla ya harusi ya Nasra, mdogo wake Suhaila, Bi Turkiya akamwita Massoud nyumbani kwake Nguvumali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa. Wakwe wa Nasra wanaleta dhahabu seti nzima. Na Suhaila wangu atakaa shingo tupu mbele za watu? Viuze hivyo vihisa vyako, umnunulie mwenzio japo mkufu."

Na Massoud, kwa aibu, badala ya kusema hisa si zangu, akasema, "Inshallah, mama, nitauza."

Alipomweleza mkewe usiku ule, Suhaila aliweka chini kijiko cha mtoto wao Wafa, akamkazia macho.

"Umeahidi mahari yangu, Baba Wafa? Yangu mimi?"

"Bei imeporomoka, Suhaila. Tuokoe kilichobaki."

"Baba yako kule Wete, mwaka ule karafuu ziliposhuka bei, aliikata mikarafuu?"

"Aikate? Ana wazimu? Aliongeza shamba. Jirani alikuwa anauza rahisi."

"Haya. Na mimi gawio langu limeingia lini mara ya mwisho?"

"Juzi."

"Sasa kipi kilichooza?"

Massoud aliona haya, haya hasa, mpaka akashindwa kumtazama. Akaomba radhi. Suhaila alimnunia siku mbili ndipo akacheka naye. Lakini kwa mama mkwe Massoud hakuthubutu kwenda kujirudi. Ah, kila akiiwaza sura ya Bi Turkiya, anakumbuka friji la mtu linalosubiri kutengenezwa, anaahirisha.

Ndipo masika ikashuka kwa kishindo. Paa la Bi Turkiya, lililokwisha kuwa chekecheke kwa kutu, likavuja juu ya nguo za harusi. Bi Turkiya akalia kama mtoto, ndoo huku, beseni kule, na pesa zote zimekwenda kwenye shughuli. Suhaila alichukua gawio la mwaka huu na la mwaka jana alilokuwa ameliweka, akanunua mabati, hisa hata moja hakuigusa, na mama yake akamweleza hivyo. Massoud alipanda mwenyewe juu na mafundi, akapigilia misumari kwa furaha, akijua anaizika humo humo na ile ahadi yake ya kijinga.

Siku ya harusi wanawake walijaa ndani, Massoud akawa barazani anasimamia sinia za pilau. Mvua ikaanza, ikapiga paa hadi watu wakapaza sauti. Dirishani akamwona na kumsikia mama mmoja wa upande wa bwana harusi akiuliza, kwa ile sauti ya kuchokoza, "Na huyu dada mkubwa mbona shingo tupu? Kwani yeye hakutolewa mahari?"

Massoud akangoja Bi Turkiya ainame kwa aibu.

"Alitolewa," Bi Turkiya akajibu, mkono ukionyesha juu. "Hayo hapo juu yametoka kwenye mahari yake. Yasingekuwa hayo, dhahabu zenu zote zingelowa."

Wanawake wakapiga vigelegele. Massoud alisimama na sinia mkononi, machozi yanamlenga, anacheka peke yake.

Baadaye Bi Turkiya akamvuta pembeni. "Massoud, bei ya zile hisa leo ikoje?"

"Sijui, mama. Siku hizi sitazami."

"Basi leo tazama, mwanangu. Kama bado ziko chini, niambie upesi. Nina visenti vyangu nimevificha ndani ya mto wa kitandani."