Ngozi Chini ya Landrova

Springi ilikatika kwa mlio wa mfupa. Nilikuwa naingia uani na magunia ya uwele, na nilijua kabla sijashuka. Nikazima injini, nikalala chini na gauni langu la kazini, nikatazama. Jani kubwa la springi ya nyuma, upande wa kulia, lilikuwa limevunjika, na gari limelalia tairi kama mlevi aliyeegemea ukuta.

"Limekufa?" mama mkwe aliuliza kutoka mlangoni.

"Limevunjika mguu. Halijafa."

"Kwa sababu mimi lori sipandi."

"Nani kakwambia upande lori, mama?"

Tulikuwa tumeambiwa sote. Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, na siku hiyo asubuhi Mughwai, balozi wetu wa nyumba kumi, alipita akitangaza: keshokutwa lori la serikali linakuja kutuhamishia kijiji kipya, kando ya barabara ya Ihanja. Atakayekaidi, mgambo watambeba. Mimi sikuwa na ugomvi na kuhama. Nilikuwa Bibi Maendeleo mwenye diploma, niliyesimama mikutanoni kueleza habari za zahanati na bomba la maji, na nilichosema nilikiamini. Tatizo langu lilikuwa moja, limekaa mlangoni linanusa ugoro.

Mama Theodora alikuwa na sababu yake. Mwanawe Antipasi, mume wangu, alikwenda Singida mjini kwa miguu yake, akarudishwa nyuma ya lori, katikati ya magunia ya vitunguu, amefunikwa turubai. Homa ya uti wa mgongo. Mama ndiye aliyelifunua turubai lile. Tangu hapo, lori likinguruma hata mbali, aliingia ndani na kufunga mlango. Sikutaka wajukuu zake, Sara na wadogo zake, wamwone akinyanyuliwa na mgambo, anapiga mateke. Nilimwahidi atahama kwa gari la mwanawe, tena amekaa mbele.

Gari hilo Antipasi alilinunua kwa watu wa misheni, Kilimatinde, likiwa limekwisha kuchoka. Mita ya maili ilikuwa imezunguka mpaka mwisho ikaanza upya, kwa hiyo lilijidai kijana. Alinifundisha kulitunza kwa kuwa hakupenda kulala chini ya gari peke yake. Nikajua kusugua plagi kwa msasa na kuziba tundu la tangi kwa sabuni ya mche. Alipofariki, shemeji zangu walitaka liuzwe. Nikaenda kutafuta leseni.

Springi mpya hata mjini hazikuwapo miaka ile. Lakini kwetu mti wa mkokoteni ukipasuka, unafungwa ngozi iliyoloweshwa. Ikikauka jua, inabana kuliko chuma. Tatizo likawa ngozi. Ng'ombe walikwisha kutangulizwa kijiji kipya, na majirani walikuwa wamefunga mizigo yao.

Mama aliingia ndani, akatoka na ngozi ya dume jekundu, imekunjwa, imepakwa samli. Niliifahamu. Alijiwekea mwenyewe, azikwe nayo kama alivyozikwa mama yake.

"Hiyo hapana, mama."

"Nimekufa?"

"Hapana."

"Basi bado ni ngozi tu. Lowesha."

Ililala ndani ya maji. Asubuhi nikaikata mikanda, nikainua gari kwa jeki, nikaweka kipande cha mti mgumu juu ya palipovunjika, nikazungusha mkanda juu ya mkanda, naukaza kwa mguu. Kilichobaki ni kungoja, na kungoja sijakuweza mpaka leo. Nilifunga vyombo, nikavifungua, nikavifunga tena. Nilifagia ua tunaouhama. Kila mara nilirudi chini ya gari kubonyeza kwa kidole.

"Mama Sara," mama akaniambia, "hata nyama ukifunuafunua chungu haiivi."

Siku ya kuhama, lori lilisikika kabla umande haujakauka. Ngozi ilikuwa ngumu kwa nje. Kwa ndani, sikujua. Mughwai aliruka chini na mgambo wawili, akainama, akacheka.

"Bibi Maendeleo, hii gari au mgonjwa mwenye bandeji?"

"Mgonjwa huyu atafika kabla yako."

"Maagizo ni lori," mgambo mmoja akasema.

Mughwai alimtazama mama, ambaye alikwisha kupanda mbele, kuku mapajani, macho yameganda kwenye kioo. Mughwai mwenyewe alikuwa amelibeba jeneza la Antipasi. Akakohoa.

"Wavuke mto. Wakikwama, bibi anapanda lori. Mimi niko nyuma yao."

Niliendesha kwa gia ya kwanza, watoto wakiwa nyuma na vyombo, na lori likinipigia honi mgongoni. Mto ulikuwa mkavu, mchanga mtupu, na ng'ambo kuna ukingo mkali. Mama alishika dashibodi kwa mikono miwili. Kuku akaangukia miguuni.

"Lori liko wapi?"

"Nyuma."

"Mbali?"

"Si mbali."

"Basi tazama mbele."

Tairi za nyuma zilizama, zikachimba, zikashika. Ngozi ikalia. Tukapanda.

Kijiji kipya kilikuwa vigingi vimechomekwa vichakani. Zahanati yangu ilikuwa vigingi vinne. Mama akatazama huku na huku.

"Ndiyo hapa?"

"Ndiyo hapa."

Hakunicheka. Alisema tu, "Nishushe polepole. Usiliumize."

Springi zilipopatikana tena, nilinunua moja, nikamwambia sasa naweza kumrudishia ngozi yake.

"Mikanda ile? Utanizika na viraka? Iache ifanye kazi."

Ile springi mpya ikakaa uvunguni mwa kitanda, ikashika kutu.

Alifariki kiangazi, miaka kadhaa baadaye, akiwa ameomba alazwe kule mahameni tulikohama, kando ya mwanawe. Mughwai, kichwa kimekwisha kuwa cheupe, alikuja kusema kwamba kijiji kimetoa lori.

"Ahsante," nikamwambia. "Anakwenda na gari lake."

Hakubisha. Alipita nyuma, akashika jeneza na wenzake, wakaliingiza, wakalisukuma upande wa kulia. Tulipofika mtoni niliingiza gia ya kwanza. Chini yake ngozi ikalia kidogo, kisha ikabeba.