Abee ya Dhahabu

"Dahabu," sauti ya mashine ilimwita sikioni, sauti isiyojua kutamka dh.

"Abee," Dhahabu akaitika, na papo hapo akajua ameharibu tena.

Alisimama na toroli lake mbele ya rafu za sabuni, akingoja. Hedifoni ikasema kwa upole wake usiochoka, "Sijakusikia. Dahabu."

"Sawa."

"Rafu ya saba. Sabuni ya unga. Katoni nne."

Ndivyo mambo yalivyokuwa tangu asubuhi. Mashine ilimwita, ikangoja neno moja tu, sawa, ndipo imwambie aende wapi akachukue nini. Ikikosa neno hilo, ilimhesabu kuwa amesimama bure. Juu ya mlango wa kupakilia malori paliangikwa kioo kipana chenye majina ya wanawake wote wa godauni, wenye mbio juu, wanaojikokota chini. Jina la Dhahabu lilikuwa chini kabisa, tena limegeuka jekundu. Miguu yake haikuwa na kosa. Alikuwa akikimbia na toroli mpaka leso inamvuka kiunoni. Kilichomchelewesha ni adabu.

Kwao Mtongwe, ng'ambo ya Likoni, mtoto wa kike akiitwa huitika abee. Hasemi nini, hasemi sawa, wala hanyamazi. Mamake, Bi Mwanakombo, alikuwa akimwita bila haja yoyote, ili alisikie tu neno lile likija mbio kutoka uani, na siku Dhahabu alipojibu "nini" alizabwa kofi ambalo hakulisahau. Sasa alikuwa amevuka hamsini. Neno lilimtoka lenyewe, kama chafya.

Godauni lilikuwa Miritini, karibu na malori yanapopumzikia kabla ya stesheni ya reli. Humo zilipita bidhaa za maduka makubwa ya pwani nzima. Zamani wanawake walifanya kazi wawili wawili, mmoja akisoma karatasi na kuita, mwenzake akichukua. Mwenzake Dhahabu alikuwa Nyamvula, Mduruma mwenye kicheko kikubwa. Nyamvula aliita, Dhahabu akaitika, katoni zikashuka, na siku ikaisha bila mtu kuiona. Zilipoletwa hedifoni kila jozi ilivunjwa. Kila mwanamke akapewa toroli lake na sauti yake. Kazi ya wawili ikawa ya mmoja, mshahara ukabaki ule ule wa mmoja, na kile kilichozidi kikaenda kinakokwenda siku zote.

"Mume wetu leo kaamka vibaya," Nyamvula alimnong'oneza walipopishana, akigusa hedifoni yake. "Mimi kaniita mpaka chooni."

"Mumeo wewe. Mimi hata kuitika nimeshindwa."

Gershom, supavaiza, aliwaona wakicheka akaja. Alikuwa kijana wa bara, si mtu mbaya, ila alikuwa na kioo chake kidogo mkononi na bila shaka kulikuwa na mtu mahali fulani aliyekuwa akimtazama yeye pia.

"Mathe, nishakuambia. Hii kitu haitaki heshima. Inataka sawa."

"Najua, baba. Linaniponyoka."

"Ishike. Mwisho wa mwezi si mbali."

Hakuhitaji kukumbushwa. Bosi mwenyewe alishakuja akasimama juu ya kreti la soda akawaeleza, kwa sauti ya mtu anayetoa habari njema, kwamba walio chini ya mstari kwenye kioo kandarasi zao hazitafanywa upya. "Mashine haimfukuzi mtu," alisema. "Mtu anajifukuza mwenyewe." Wengine walipiga makofi, kwa sababu Gershom alikuwa akiangalia nani hapigi.

Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa paa lao. Dhahabu alipanga chumba kimoja Chaani pamoja na mamake, ambaye macho yalikuwa yakimfunga kidogo kidogo. Dawa ya macho haikuponya, ilizuia tu, na chupa ikikatika giza lilisogea. Bi Mwanakombo hakumwona tena mwanawe ila kama kivuli mlangoni, kwa hiyo alimwita. Alimwita mara nyingi kwa siku, si kwa kumtuma, bali kujua yuko wapi.

Dhahabu alitafuta dawa ya ulimi wake. Aliweka karafuu chini ya jino, na kila mashine ilipomwita aliing'ata kwanza. Ukali ule ulimkumbusha. Alijifunga kibwebwe, akang'ata, akasema sawa, akang'ata, akasema sawa, na jina lake likaanza kupanda kwenye kioo. Jioni moja wiki ile alifika nyumbani midomo imekufa ganzi.

"Dhahabu!" mamake akaita kutoka kitandani.

"Sawa."

Bi Mwanakombo akajiinua kwa viwiko, akageuza uso kuelekea mlangoni.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama."

"Sawa nini? Mimi ni mwenzio? Nimekuuzia samaki?"

"Nisamehe, mama. Ni kazi."

"Kazi gani inayomtoa mtu adabu aliyopewa na mamake?" Kisha akalala tena, akageukia ukutani. Dhahabu alimpikia uji, akamnywesha, na usiku ule hakuitwa hata mara moja. Jambo hilo lilimuuma kuliko kofi la utotoni.

Siku ya pili yake alikuwa akisukuma toroli alipoitwa kwa nyuma, na sauti ya mtu hasa.

"Bi Dhahabu!"

"Abee!"

Aligeuka akiwa ameshika mdomo. Alikuwa Asmaa, msichana wa ofisini, mzaliwa wa Bombolulu, baibui lake limepigwa pasi vizuri. Hakukasirika. Alitabasamu kama mtu aliyeokota kitu.

"Shikamoo, mama. Hiyo hiyo! Hiyo ndiyo ninayoitafuta."

"Marahaba, mwanangu. Lakini mashine yenu haiitaki."

"Tutaifunza. Njoo ofisini, vua hiyo hedifoni."

Dhahabu aliiangika hedifoni kwenye msumari wake akamfuata. Aliwekwa kwenye chumba kidogo chenye baridi ya mashine na kuta zilizofunikwa sponji, akapewa chai ya maziwa na mahamri, akaambiwa azungumze kwenye maikrofoni. Moyo wake ulipanda. Alielewa kuwa mwishowe wameona ujinga wao, na sasa wanaifundisha mashine kumsikia yeye na wanawake wengine wa pwani, wasihangaishwe tena kwa kuwa na adabu. Alizungumza kwa bidii. Asmaa alimtajia maneno naye akayarudia. Abee, karibu, nikusaidie nini. Pole sana kwa usumbufu. Tafadhali subiri. Asante kwa subira yako.

"Sasa ile abee ya mtu aliyeitwa kutoka mbali."

"Abeee!"

"Na ya mtu ambaye hakusikia vizuri?"

"Abee?" Dhahabu akacheka. "Hiyo huipandisha mwishoni."

"Hiyo ndiyo tunayoitaka zaidi. Rudia, mama. Wallahi, una sauti ya kumtuliza hata mwenye hasira."

Hakuna mtu aliyewahi kuisifu sauti yake. Aliitwa chumbani humo siku ya pili na ya tatu, na kila siku alipita mbele ya wenziwe akiwa amejinyoosha. Nyamvula, jasho likimtiririka, alimsimamisha.

"Wanakufunza nini huko?"

"Wao ndio wanaojifunza. Wanaifunza mashine itusikie."

"Itusikie ili iweje?"

"Ili tusimwage unga, shoga yangu! Kwani wataka nini?"

Nyamvula alifungua mdomo, lakini hedifoni yake ilimwita sikioni. Akasema sawa, akaondoka.

Siku ya mwisho Dhahabu alijikaza akauliza. "Mwanangu Asmaa, na kandarasi yangu je? Utaniwekea neno?"

Asmaa alikuwa akikunja waya. Hakuinua macho. "Hilo si langu, mama. Mimi ni wa sauti tu. Lakini inshallah."

Dhahabu alizaliwa pwani na aliijua inshallah ya mtu aliyekusudia na inshallah ya mtu anayekufungia mlango taratibu. Siku hiyo alijifanya hajui tofauti yake.

Mwisho wa mwezi ulifika. Wanawake walipangwa nje ya lango, kwenye jua. Upande wa pili wa ukuta mafundi walikuwa wakiongeza jengo, godauni la pili, kubwa kuliko la kwanza, pale palipokuwa na vibanda vya wapika chakula. Kontena zilikuwa zikifunguliwa, na ndani yake mlikuwa na vitoroli bapa visivyo na mahali pa kushika, kwa sababu vilijiendesha, havikuwa vya kushikwa na mtu. Majina yaliitwa kwa spika, kwa sauti ile ile ya hedifoni. Aliyeitwa alisema sawa akaingia. Nyamvula aliitwa, akaingia bila kutazama nyuma. Dhahabu alisimama na karafuu kinywani na sawa iliyokuwa tayari, mpaka spika ikanyamaza na lango likafungwa mbele yake na wachache waliobaki nje.

"Gershom! Sikuitwa mimi!"

Kijana alimjia, ameshika kioo chake kama ngao. "Umekuwa chini, mathe. Angalia. Hapa, hapa na hapa, umeitwa siku tatu mfululizo na hukujibu."

"Nilikuwa ofisini! Nilikuwa na Asmaa, wewe mwenyewe ulinipisha mlangoni. Hedifoni ilikuwa msumarini."

"Mashine haijui msumari. Imekuita, hukujibu."

"Basi waambie."

"Mathe, nimwambie nani?" Akapunguza sauti, akatazama kamera juu ya lango. "Hata mimi vile vitoroli vikianza, sijui watanitaka wa nini." Kisha akakumbuka alipo, akasema kwa sauti kubwa, "Tafadhali ondokeni langoni."

Dhahabu alikwenda tena mara kadhaa, hakufunguliwa. Asmaa hakuonekana. Kodi ilipitisha siku yake, na chupa ya dawa ikakatika.

Alasiri moja Nyamvula alipitia Chaani. Hakuwa na kicheko tena. Alikuwa akifanya kazi yake na ya Dhahabu, na mkono wa kulia ulikuwa haupandi juu ya bega. "Nimebaki, lakini usinionee wivu," alisema. Alimpa namba ya simu ya makao makuu ya kampuni. Alikuwa amesikia kuwa malalamiko yote siku hizi hupita huko. Akamwacha na sukari kidogo, akaenda zake.

Dhahabu aliswali, kisha akaketi kizingitini, mgongo kwa pazia, mamake nyuma ya pazia amelala. Sikio lililokaa na hedifoni lilikuwa bado likivuma, kwa hiyo aliiweka simu kwenye spika mapajani. Ililia, ikapokewa.

"Abee, karibu. Nikusaidie nini?"

Alidhani ni mwangwi. Alidhani simu ina ugonjwa, inamrudishia maneno yake. Lakini alikuwa bado hajasema kitu.

"Mimi ni Dhahabu," akasema polepole. "Wa godauni la Miritini. Hizo siku tatu nilikuwa ofisini, ndiyo maana sikuitika. Naomba..."

"Abee?" simu ikauliza, imepandisha mwishoni.

"Naomba kazi yangu."

"Pole sana kwa usumbufu. Ikiwa ungependa kuagiza bidhaa, sema sawa."

Ilikuwa sauti yake, na ilikuwa na huruma. Ilikuwa na huruma yote aliyoitia mle chumbani, akinywa chai yao. Aliitazama simu ile kama mtu anayetazama nguo yake mwilini mwa mwingine.

"Hiyo ni yangu," alisema.

"Abee?"

Nyuma ya pazia kitanda kililia. Bi Mwanakombo alikuwa ameamka gizani mwake.

"Dhahabu!"

Dhahabu alifungua mdomo, na meno yakajifunga yenyewe kwa mazoea, yakitafuta karafuu. Hakuna kilichotoka.

"Abee?" simu ikaitika.

"Alhamdulillahi," mamake akasema, sauti imelainika. "Sasa umeitika kama mwanangu. Niletee maji."

"Tafadhali subiri," simu ikasema. "Asante kwa subira yako."

"Haya, mwanangu. Nasubiri."