Masikio Mapya

Mbuzi alikuwa wetu, lakini masikio hayakuwa yetu. Alikuwa ameibwa zizini, na mama alimkuta pale sokoni Nuu, akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku, na watu wakaanza kutucheka. Alama ya mbuzi wetu ni kukatwa sikio la kulia tu, kidogo kwenye ncha. Huyu alikuwa amekatwa yote mawili, karibu nusu.

Nimenunua na kuuza mbuzi tangu nilipoacha shule darasa la sita. Asubuhi hiyo nilikuwa nimempita mbuzi huyohuyo. Niliangalia masikio, nikaendelea na safari yangu.

"Mwaitu, twende," nilimwambia mama. "Si wako."

"Nyamaza wewe. Mwachilieni atembee."

Muuzaji akamwachilia huku akitabasamu. Mbuzi akatembea, akirusha mguu mmoja wa nyuma pembeni kama anayekwepa tope. Mama akaita. Mbuzi akaja mbio kwake, na muuzaji akatimua mbio upande wa pili. Soko zima lilipiga kelele!

Hiyo ilikuwa kabla ya corona. Nilikuwa nimeisahau kabisa mpaka ile Krismasi ya omicron, aina mpya ya corona.

Mama alikuwa amechanjwa, dozi zote mbili. Mimi ndiye niliyempeleka kwenye zahanati ya Tulia, nikibishana kwa simu njia nzima na dada yangu Kavata. Kavata ameolewa Kathonzweni, na wenzake wa kanisani walikuwa wameamua kwamba sindano ni ya watu wasio na imani. Nilimwambia, "Akichanjwa, mama hataguswa." Nilisema hivyo hivyo. Mimi si mtu wa kusema nusu.

Sasa mama alikuwa hospitalini, mpira wa oksijeni puani, kifua kikipanda na kushuka kama cha mbuzi aliyekimbizwa na fisi. Kavata alikuwa amekuja na gari la kwanza. Alisimama mlangoni pa wodi, mikono kiunoni.

"Daktari wa mbuzi," akaniambia. "Hataguswa, eh? Haya, sindano yako iko wapi?"

Nilitaka kumpiga mtu, na hapakuwa na wa kupigwa.

Daktari Nzomo alipotoka nilimshika mkono wa koti. "Mlitudunga maji?"

Hakukasirika. "La. Chanjo iliufundisha mwili wa mama kukitambua kirusi kwa umbo lake la nje. Lakini kirusi kikizaana hukosea kujinakili. Makosa mengine yamekibadilisha hapo hapo nje. Kinachokuja sasa hakifanani sana na kile mwili ulichofundishwa. Kinapita mlangoni, walinzi wa mwili wanakitazama tu."

"Kimekatwa masikio!" nilipiga kelele. Wodi nzima iligeuka.

"Kimefanya nini?"

Nikamweleza habari ya Nuu, mikono ikienda kila upande, mpaka muuguzi akaniambia nishushe sauti. Daktari alicheka.

"Ni hivyo hivyo, ila hapa hakuna mwizi. Hakuna anayekata kwa kusudi. Ni makosa tu, na lile linalowapita walinzi ndilo linaloendelea kuzaa."

"Basi niambie kitu kimoja, daktari. Mwilini mna kitu kinachoangalia mwendo?"

Aliacha kucheka. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali ambalo angependa aulizwe kila siku.

"Kipo. Hakikai mlangoni, kiko ndani. Huchelewa, lakini hakitegemei hilo umbo la nje peke yake. Ndiyo maana wengi waliochanjwa huugua lakini hawazidiwi. Ila mama yenu ni mzee. Siwezi kukuahidi."

Tulikaa kwenye benchi la nje, mimi na dada yangu. Yeye aliomba kwa sauti. Mimi nilisema chini chini, "Mwangalie mwendo, Mwaitu. Achana na masikio. Mwangalie mwendo."

"Unaongea na nani?" Kavata aliuliza.

"Wewe omba."

Aliomba. Nami nikaendelea.

Asubuhi moja tulikuta mpira umetolewa. Mama alikuwa ameketi, shuka mabegani, akigombana na muuguzi kuhusu uji. Nilimsimulia yote palepale, haraka haraka, nikijikwaa kwenye maneno. Alisikiliza mpaka mwisho. Akafikiri.

"Kwa hivyo nilimjua kwa mwendo," alisema.

"Ulimjua, Mwaitu."

"Nilichelewa, lakini nilimjua." Akasukuma kikombe. "Sasa nileteeni uji. Huu ni maji."

Kavata alicheka, kisha akageukia ukuta, akalia.

Mama alipopata nguvu na zamu yake ya dozi ya tatu ilipofika, Kavata alisafiri tena kutoka Kathonzweni. Alisema anamsindikiza mama tu, watu wasifikirie mengine. Tulipanga foleni ya chanjo Tulia juani. Nilikuwa na maneno mengi mdomoni, nikayameza yote.

Siku zote dada yangu huvaa sweta, hata wakati wa jua kali. Siku hiyo alikuwa amevaa blauzi ya mikono mifupi.